Makuhani na Paka: Jina la Katz na Waliolibeba

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokubali kuutoa mchana huu kusikiliza habari za jina la watu wengine, nawashukuru.

Jina nitakalolizungumzia lina herufi nne likiandikwa kwa alfabeti yetu, yaani K, A, T na Z, na herufi mbili tu likiandikwa kwa Kiebrania. Ukimwuliza Mjerumani maana yake, atakujibu bila kusita kwamba linatokana na paka. Ukimwuliza Myahudi aliyelelewa katika sinagogi, atakwambia kwamba halina uhusiano wowote na paka, bali linamtaja kuhani. Wote wawili husema kweli, ila hawazungumzii watu walewale. Hoja yangu ni kwamba jina la ukoo halisomeki kwa sikio. Husomeka kwa kufuata njia lililopitia, nani aliliandika, kwa herufi zipi, na kama liliingia katika ukoo kwa upande wa baba au wa mama.

Tuanze na makuhani. Wayahudi wana desturi ya tangu zamani ya kuchukua herufi za mwanzo za maneno kadhaa, kuzitia irabu, na kuzitamka kama neno moja. Rabi Shlomo Yitzhaki, mfafanuzi mkuu wa Torati aliyezaliwa Troyes nchini Ufaransa mwaka 1040 na kufariki mwaka 1105, hujulikana na kila mwanafunzi wa dini hiyo kwa jina la Rashi. Rabi Moshe ben Maimon, daktari na mwanafalsafa aliyezaliwa Córdoba na kufia Misri mwaka 1204, huitwa Rambam. Katz limeundwa kwa njia hiyohiyo, kutokana na herufi kaf ya neno kohen, yaani kuhani, na herufi tsadi ya neno tsedek, yaani haki. Aliyeitwa hivyo alitajwa kuwa kuhani wa haki. Maneno hayo mawili yana mizizi katika Maandiko: Melkizedeki wa Mwanzo 14 ni kuhani na jina lake lenyewe limebeba haki, na katika Zaburi ya 132 mwombaji anaomba makuhani wavikwe haki.

Naomba tusimame kidogo kwenye maandishi, kwa sababu hapo ndipo utata ulipoanzia. Katika Kiebrania, neno lililofupishwa hutiwa alama mbili ndogo kabla ya herufi ya mwisho, ili msomaji ajue kwamba kilicho mbele yake ni kifupisho. Ukikuta kaf na tsadi kwenye jiwe la kaburi au kwenye jalada la kitabu cha kale, alama hizo zipo kati yao, na hakuna wa kudhani kwamba ametajwa mnyama. Ufupisho huu ulienea miongoni mwa Wayahudi wa Ulaya ya kati katika karne ya 16 na ya 17. Baadaye makarani wakaanza kuliandika jina kwa herufi za Kilatini, zile alama mbili zikaanguka njiani, na paka akapata mlango wa kuingilia.

Ukuhani wenyewe ni jambo la nasaba. Kuhani kwa Wayahudi ni mzao wa Haruni, ndugu yake Musa, kwa upande wa baba peke yake, na hakuna anayeweza kuupata kwa kusomea wala kwa kuchaguliwa. Sisi wa pwani tutalielewa hili upesi tukiwafikiria masharifu, ambao heshima yao hushuka kwa baba na haipotei hata mwenye nayo akiwa fundi seremala. Tangu Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70, makuhani hawana tena madhabahu ya kuhudumia, lakini yamebaki mambo kadhaa. Kuhani huitwa wa kwanza Torati inaposomwa. Hamwoi mwanamke aliyeachika. Haruhusiwi kuikaribia maiti isipokuwa ya jamaa wa karibu, na kwa sababu hiyo, katika makaburi mengi ya Kiyahudi, makuhani huzikwa kandokando ya njia au karibu na ukuta, ili jamaa zao wafike kuwazuru bila kupita katikati ya wafu wengine. Na anapotoa baraka ya Hesabu 6, huinua mikono miwili na kuvitenganisha vidole viwili viwili.

Mikono hiyo miwili ndiyo alama ninayoiamini kuliko jina. Imechongwa kwenye mawe ya makaburi kote Ulaya, na wapiga chapa wa Prague wa ukoo wa Gershom Kohen, aliyechapisha Haggadah maarufu ya mwaka 1526, yaani kitabu kinachosomwa mezani usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, waliitumia kama alama ya kazi yao. Mwigizaji Leonard Nimoy alipotafuta salamu ya kumfaa Spock, mtu wa sayari nyingine katika tamthilia ya televisheni, aliichukua ishara hiyo kutokana na alichokiona utotoni katika sinagogi la Boston. Mamilioni ya watu wameiga baraka ya makuhani bila habari.

Sasa paka. Wapo Wajerumani Wakristo walioitwa Katz tangu zamani, na kwao jina ni lakabu ya kawaida, kama vile wengine walivyoitwa Wolf, yaani mbwamwitu, au Fuchs, yaani mbweha. Lakini wapo pia Wayahudi wenye paka halali, na mfano bora ni ukoo wa Katzenellenbogen. Mji wa Katzenelnbogen upo Ujerumani, na anayelivunja jina lake vipande viwili hupata kiwiko cha paka, ingawa chanzo cha jina la mji ni hadithi nyingine. Huko alizaliwa Rabi Meir, aliyehamia Italia na kuwa rabi wa Padua hadi alipofariki mwaka 1565. Ukienda kwenye makaburi ya kale ya Wayahudi wa Padua utaona jiwe lake limechongwa paka. Huyo paka anataja mji tu. Kuhusu ukuhani hasemi neno. Wazao wa Meir walienea Poland, na mmoja wao, Saul Wahl, anasimuliwa kuwa alikuwa mfalme wa Poland kwa usiku mmoja mwaka 1587, wakati wakubwa wa nchi waliposhindwa kukubaliana juu ya nani atawazwe. Ni ngano, na mimi naipenda kama ngano.

Serikali zilipoingia kati, mambo yalizidi kuchanganyika. Kabla ya mwisho wa karne ya 18 Wayahudi wengi wa Ulaya ya kati na ya mashariki hawakuwa na jina la ukoo la kudumu. Mtu aliitwa fulani bin fulani, na ikiwa ni kuhani au Mlawi, hilo likaongezwa mwishoni. Mfalme Joseph II wa Austria alitoa amri mwezi Julai 1787 kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1788 kila familia ya Kiyahudi katika milki yake iwe na jina la ukoo la Kijerumani. Napoleon akafuata mwaka 1808, na Prussia mwaka 1812. Nguvu ya amri hizi ilikuwa kodi na jeshi, kwani mtu asiye na jina thabiti ni vigumu kumtoza na vigumu zaidi kumwandikisha askari. Kwa maoni yangu, Katz lilikuwa na bahati ya pekee mbele ya karani: kwa Myahudi lilihifadhi nasaba ya Haruni, na kwa mtawala lilisikika Kijerumani safi.

Huko Galicia, jimbo la Austria ambalo leo limegawanyika kati ya Poland na Ukraine, kulikuwa na tatizo jingine. Wayahudi wengi walifunga ndoa mbele ya rabi bila kuiandikisha serikalini, na serikali haikuitambua ndoa hiyo, kwa hiyo watoto waliandikwa kwa jina la ukoo la mama. Fikirini matokeo yake. Binti wa kuhani aitwaye Katz akizaa na mume ambaye si kuhani, mwanawe anaandikwa Katz katika daftari, naye si kuhani hata kidogo. Kuhani akimwoa binti wa ukoo wa Adler au wa Stern, watoto wake ni makuhani kamili wanaobeba jina lisilosema lolote. Watafiti wakiongozwa na Karl Skorecki wa Haifa walipochapisha katika jarida la Nature, mwaka 1997, uchunguzi wao wa kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana, waliwalinganisha wanaume waliojitambulisha kuwa makuhani na wale wasiokuwa makuhani, na wakakuta tofauti inayoashiria kwamba wengi wa makuhani wana asili ya pamoja kwa upande wa baba. Kigezo chao kilikuwa mapokeo ya nyumbani, na nadhani walifanya vizuri.

Tahajia nayo ina vituko vyake. Katika Kipolishi herufi C husomwa kama ts, kwa hiyo jina hilihili huandikwa Kac. Mwanahisabati Mark Kac, aliyezaliwa mwaka 1914 katika mji wa Krzemieniec na kufia Marekani mwaka 1984, ni Katz, ingawa wasiojua humwita Kak. Ndiye aliyeuliza, katika makala ya mwaka 1966, kama mtu anaweza kulitambua umbo la ngoma kwa kuisikiliza tu. Jibu lilipatikana mwaka 1992, nalo ni hapana: zipo ngoma mbili zenye maumbo tofauti na sauti zilezile. Victor Kac, wa aljebra za Kac na Moody, naye amebeba jina hilohilo.

Katika waliolibeba jina hili, wa kwanza kwangu ni Bernard Katz. Alizaliwa Leipzig mwaka 1911, baba yake akiwa mfanyabiashara wa manyoya aliyetoka Urusi. Alisomea udaktari hapohapo Leipzig, na mwaka 1935, Wanazi wakiwa wameshika nchi, aliingia Uingereza akiwa hana uraia wa taifa lolote. Alipokewa na Archibald Hill katika Chuo Kikuu cha London, na baadaye akafanya kazi Sydney, ambako wakati wa vita alihudumia rada katika jeshi la anga la Australia. Kazi iliyompa jina aliifanya kwenye misuli ya chura. Yeye na Paul Fatt walichomeka sindano nyembamba ya kioo mahali neva inapokutana na msuli, na wakaona kwamba hata neva ikiwa imetulia, msuli hupokea mishtuko midogo mno ya umeme, ya kama nusu milivolti, inayokuja ovyo bila mpangilio. Mtu mwingine angedhani chombo kina kasoro. Katz alitambua kwamba kila mshtuko ni kifurushi kimoja cha kemikali ya asetilikolini, na kwamba neva inapoamuru msuli ujikunje, huachia vifurushi kama hivyo mamia kwa pamoja, bila kutoa nusu ya kifurushi. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1970 pamoja na Ulf von Euler na Julius Axelrod. Chuo kilichomfundisha udaktari kilikuwa katika nchi iliyomlazimu kuondoka.

Nicholas Katz wa Princeton anakumbukwa kwa kazi yake kubwa katika jiometri ya aljebra, lakini pia kwa uvumilivu wake. Mwaka 1993 mwanahisabati mwenzake Andrew Wiles alimfunulia siri kwamba amethibitisha nadharia ya mwisho ya Fermat, fumbo la hisabati lililowashinda watu kwa karne kadhaa, nao wakabuni kozi ya kisingizio ili Wiles aielezee hoja yake kwa utulivu. Wanafunzi waliacha kuhudhuria mmoja baada ya mwingine hadi akabaki Katz peke yake kitini. Ni yeye aliyepewa sehemu ngumu ya muswada kuikagua baada ya Wiles kuutangaza uthibitisho wake huko Cambridge, na maswali yake ndiyo yaliyofichua pengo ambalo Wiles aliliziba mwezi Septemba 1994. Elihu Katz wanafunzi wa mawasiliano ya umma wanamjua, maana ndiye aliyeonyesha, pamoja na Paul Lazarsfeld mwaka 1955, kwamba habari huwafikia wengi kupitia watu wanaowaamini, si redioni moja kwa moja.

Yupo pia Katz ambaye hakuwa msomi. Charles Katz wa Los Angeles alikuwa mcheza kamari aliyepiga simu za kubashiri kutoka katika kibanda cha umma, na wapelelezi wa FBI wakabandika kinasa sauti nje ya kibanda hicho. Serikali ilidai kwamba haikuingia ndani, hivyo haikuvunja haki yake. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa, ikasema kwamba Katiba inawalinda watu na si mahali, na hadi leo wanasheria wa nchi hiyo hukizungumzia kipimo cha Katz wanapojadili faragha ya simu.

Na Phil Katz wa Milwaukee, aliyefariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 37, alitoa mwaka 1989 muundo wa faili za ZIP. Faili la namna hiyo huanza na herufi mbili, PK, ambazo ni za jina lake, na kwa kuwa programu za simu za Android hufungashwa kwa muundo huohuo, wengi wenu mna herufi hizo mfukoni. Kama K hiyo ni ya kuhani au ya paka, faili halisemi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo muda uliobaki ni wa maswali. Atakayeuliza kuhusu Cohen, Kahn na Kagan, nitamjibu mapema kwamba ni neno kohen lenyewe katika matamshi mbalimbali, na Kirusi kiliweka G kwa sababu hakina H; na Kaplan ni kohen aliyetafsiriwa kwa neno la Wakristo la kasisi wa kanisa dogo, jambo ambalo wenye jina hilo hulichekea hadi leo.