Luteni Flowerdew: Mlowezi wa Duck Lake Aliyefia Ufaransa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Jioni ya leo nitamzungumzia mtu mmoja, Gordon Flowerdew, aliyekufa Ufaransa tarehe 31 Machi 1918 akiwa na umri wa miaka 33. Wengi wanaomfahamu wanamfahamu kwa shambulio moja la farasi. Mimi naomba tuanzie kwenye ardhi, maana ardhi ndiyo iliyomtoa kwao.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1885 kijijini Billingford, Norfolk, huko Uingereza, katika familia ya wakulima yenye watoto wengi. Mwaka 1903 akavuka bahari kwenda Kanada, akafikia sehemu za Duck Lake, Saskatchewan, kwenye nyika pana zinazoitwa Prairie. Akawa mlowezi.

Sheria ya ardhi ya Kanada ya mwaka 1872 ilimruhusu mwanamume aliyetimiza umri alipe dola 10, aandikishiwe ekari 160. Akapewa miaka mitatu ajenge nyumba, aishi humo karibu nusu ya kila mwaka na alime sehemu ya shamba. Akitimiza, anapata hati miliki. Asipotimiza, ekari zinarudi serikalini. Ukiisoma unaiona rahisi. Lakini nyasi za nyika ile hazikuwahi kuguswa na plau, na mizizi yake ilikuwa imeshikana ardhini kama mkeka uliosukwa tabaka juu ya tabaka. Baridi ya kule hufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Ngano ya miaka hiyo, Red Fife, ilichelewa kukomaa, na sakitu ya mwisho wa Agosti iliweza kuimaliza shambani usiku mmoja, jasho la mwaka mzima likapotea. Katika kila walowezi kumi walioandikishwa, kama wanne hivi hawakuifikia hati.

Sasa tuulize: nyika hiyo ilikuwa ya nani?

Mwaka 1876 pale Fort Carlton, mwendo wa saa chache kwa farasi kutoka Duck Lake, machifu wa Wacree, wenyeji asilia wa nyika ile, walitia saini mkataba na serikali, ule unaoitwa Mkataba wa Sita. Nyati waliowalisha na kuwavika walikuwa wanakwisha, na ndui ilikuwa imewapitia. Machifu walidai msaada wakati wa njaa na dawa kwa wagonjwa, na ahadi hizo zikaandikwa. Miaka tisa baadaye, tarehe 26 Machi 1885, Wametis, watu wa damu mchanganyiko ya wenyeji asilia na Wazungu, wakiongozwa na Gabriel Dumont walipambana na polisi papo hapo Duck Lake, wakawashinda. Ndio ulikuwa mwanzo wa uasi wa Louis Riel, kiongozi mkuu wa Wametis, na kiini chake kilikuwa ardhi. Mwezi Mei Wametis wakashindwa Batoche, na Novemba Riel akanyongwa Regina.

Angalieni tarehe hizo. Risasi zilipolia Duck Lake, Flowerdew alikuwa mtoto mchanga asiyetimiza miezi mitatu. Nyika aliyokuja kuilima ukubwani ilikuwa inapiganiwa yeye akiwa angali ananyonya. Baada ya uasi, Mcree hakuweza kutoka kwenye rizavu yake, yaani eneo lililotengewa watu wake, bila kibali cha msimamizi wa serikali. Na sheria ya mwaka 1876 iliyowahusu wenyeji asilia ilikuwa imeshawazuia kabisa kuandikishiwa zile ekari 160. Kijana wa Norfolk akija na dola 10 anapewa shamba. Mcree aliyezaliwa palepale, hata awe na dola 100, hapewi.

Mtu ataniambia kwamba Flowerdew alikuwa kijana wa miaka 18 na si yeye aliyetunga sheria. Ni kweli, nami simhukumu. Lakini kumwita shujaa wa Prairie bila kusema Prairie ilipatikanaje ni kumdhulumu yeye pia, kwa sababu ni kusimulia nusu ya maisha yake.

Baadaye alihamia British Columbia, akaishi Walhachin, makazi ya Waingereza waliotaka kuotesha matufaha kwenye bonde kavu kwa maji yaliyoletwa na mfereji wa mbao. Huko akajiunga na askari wa akiba wapanda farasi. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914 aliingia kikosi cha wapanda farasi wa Kanada, Lord Strathcona's Horse, akiwa askari wa kawaida, asiye na cheo. Wanaume wengi wa Walhachin waliondoka vilevile, na baada ya vita makazi yale yakafa. Mwaka 1916 Flowerdew akawa ofisa.

Tarehe 21 Machi 1918 Wajerumani walianza shambulio lao kubwa la mwisho, wakasonga kuelekea Amiens, mji ambao reli nyingi za Washirika, yaani Waingereza, Wafaransa na wenzao, zilikutania. Tarehe 30 walikuwa wameshaingia msitu wa Moreuil, juu ya mto Avre. Brigedi ya wapanda farasi wa Kanada, chini ya Jenerali Seely, iliamriwa kuwatoa. Flowerdew alipewa kazi ya kuuzunguka msitu upande wa kaskazini. Alipotokeza upande wa pili alikuta mistari miwili ya adui, kila mmoja watu kama 60, wenye bunduki za rashasha katikati na pembeni. Akamwagiza Luteni Harvey ashuke farasi na watu wake wapigane kwa miguu. Yeye akawaongoza waliobaki, panga mkononi, moja kwa moja kwenye risasi.

Maelezo rasmi ya nishani yake yanasema walipita mistari yote miwili, wakageuza farasi, wakarudi tena. Asilimia 70 hivi ya kikosi waliuawa au kujeruhiwa, ndipo adui akavunjika na kurudi nyuma. Flowerdew alipigwa risasi mapaja yote mawili, akaendelea kuwatia moyo watu wake. Alifariki kesho yake, siku ya Pasaka. Kaburi lake liko Namps-au-Val. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa, na mchoraji Mwingereza Alfred Munnings akachora shambulio lile. Ni mchoro mzuri sana, nao umechangia kutufanya tumkumbuke Flowerdew juu ya farasi tu.

Vita ilipokwisha, serikali ya Kanada iliamua kuwapa ardhi askari waliorudi. Huko Prairie, sehemu ya ardhi hiyo ilimegwa kutoka kwenye rizavu za wenyeji asilia. Vijana wa rizavu walikuwa wamejitolea kwenda vita ileile, wengine wakafia kulekule Ufaransa. Wengi wa waliorudi wakiwa hai, walipoomba nao wapewe mashamba, hawakupewa.

Nawakaribisha kwa maswali, na ningependa tuanze na hili la ardhi.