Manowari sita, nyumba moja ya kupanga: jinsi ninavyompa kila mhusika tabia yake

Mwangaluka wadau! Mnanisikia? Ngoja niigeuze simu, upepo wa ziwa unapiga moja kwa moja kwenye maiki. Haya, sasa.

Nipo Mwanza, ufukweni, karibu na kivuko cha Kamanga. Hilo mnaloliona nyuma ya bega langu ndilo Jiwe la Bismarck, lile ambalo kila mgeni lazima apige nalo picha. Jina ni la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani. Baadaye Wajerumani waliunda manowari wakaipa jina hilohilo, ikazama Mei 1941. La kwetu bado lipo, limetulia zake, ndege wanalikalia. Ndiyo maana nimekuja kurekodi hapa badala ya dukani.

Leo nawaonyesha ninavyotengeneza wahusika wa hadithi kutokana na manowari za zamani. Mnaonunua zile kadi zangu mnauliza kila siku, "Kaka, mbona huyu Liemba kila kadi ana chupa ya mafuta mkononi?" Leo mtajua. Na kabla hamjauliza: kaunta buku zipo, kwaya mbili na kwaya tatu, kadi nazo zipo, njooni dukani.

Vifaa ni kaunta buku moja, peni ya bluu na peni nyekundu. Basi. Kuchora sifundishi leo, macho na nywele kila mtu na mkono wake.

Chagua meli zako. Zisizidi sita. Mwanzoni nilichagua ishirini na mbili, nikaishia na daftari la mahudhurio. Chagua zile ambazo unajua zilifanya nini. Urefu wa meli na idadi ya mizinga havitakusaidia hapa, samahani kwa ndugu zangu wapenda takwimu. Zangu ni Liemba, Königsberg, Mimi, Toutou, Warspite na Bismarck. Nimewapangisha wote nyumba moja kule Kirumba: vyumba sita, bomba moja, mita moja ya umeme. Kwa nini nyumba ya kupanga? Kwa sababu vitani wote wanafanana, wanapiga na wanapigwa. Mtu mwache achangie LUKU na wapangaji wenzake watano, hapo utamjua.

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto tumia peni ya bluu, andika historia, kwa ngeli ya meli: ilijengwa, ilisafirishwa, ilizama. Kulia tumia nyekundu, andika mhusika, kwa ngeli ya mtu: anaamka, ananuna, anadaiwa. Msicheke. Waingereza meli wanaiita kama mwanamke tangu zamani, wameshazoea. Sisi Kiswahili chetu kinatuwekea mpaka kabisa, huku chombo, huku mtu. Na "yeye" wetu hana jinsia, kwa hiyo kama ni kaka au dada utaamua baadaye, au usiamue. Ukikuta ukurasa wa kulia umeandika "Liemba ilikasirika", futa. Huyo hajazaliwa bado, ni bati.

Subirini kidogo. Korongo huyo. Anataka mandazi yangu. Wewe! Toka! ...Mmemwona anavyoondoka? Mikono nyuma, kama ofisa aliyekuja kukagua mizani sokoni. Huyo angekuwa mhusika wa saba, lakini nimesema zisizidi sita.

Sasa tumefika penye kazi. Chukua tukio MOJA la kushoto, moja tu, uligeuze liwe mazoea upande wa kulia. Mazoea madogo ya nyumbani. Na mhusika asilitaje tukio lenyewe. Narudia: asilitaje.

Tuanze na Liemba. Nasoma kushoto. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikaingizwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916, katikati ya vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani wanaikimbia Kigoma. Mafundi wakaipaka injini grisi nene, kisha meli ikazamishwa na wenyewe isije ikachukuliwa. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Tukio liko wapi hapo? Wengi wanakimbilia kuzama na kufufuka. Mimi nachukua grisi. Hebu wafikirieni wale mafundi: adui yuko njiani, meli inazamishwa leo, na wao wamepiga magoti kwenye chumba cha injini wanapaka grisi kana kwamba mwenyewe anakwenda likizo. Kwa hiyo kulia nimeandika hivi, ngoja nisogeze daftari muone: "Liemba hatoki nyumbani, hata kama anakwenda kununua dagaa tu, kabla ya kulipaka kufuli mafuta ya alizeti. Cherehani yake ina shuka lake. Vitu vyote viko kwenye maboksi, kila boksi na namba. Ukimwambia, 'Bibi, si unarudi jioni?' anakujibu, 'Nani kakuambia?'"

Umri umeuona, hofu umeiona, utani umeuona. Neno "kuzama" halimo.

Sasa niwaambie nilivyoharibu. Hadithi yangu ya kwanza, kila baada ya kurasa mbili Liemba anasema, "Nilizamishwa mwaka 1916, nikafufuka!" Akiwa bombani, nilizamishwa. Akikaanga samaki, nilizamishwa. Nikampa dada yangu asome. Kesho yake akanirudishia: "Huyu bibi ni mwalimu wa historia? Mtihani lini?" Kaunta buku mbili ziliishia hapo, wadau, za kwaya tatu, na muuza duka ni mimi mwenyewe, deni hilo sijajilipa mpaka leo. Asilitaje! Anayeijua historia atacheka peke yake. Asiyeijua atamwona bibi mwenye kufuli linaloteleza, naye atataka kujua zaidi.

Königsberg, twende haraka, jua linanikuta. Hii ni manowari ya Wajerumani. Tarehe 20 Septemba 1914 asubuhi iliivamia manowari Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, Pegasus ikiwa kwenye matengenezo, haiwezi kuondoka. Ikaipiga mpaka ikazama. Haikupita muda, yenyewe injini ikasumbua, ikaenda kujificha delta ya Rufiji kwenye mikoko, imejifunika matawi. Ikakaa huko mpaka Julai 1915 Waingereza walipoimaliza. Mizinga yake 10 ikatolewa, ikaburutwa kwenda kupigana nchi kavu, na mmoja ukafika Kigoma, ukafungwa kwenye Götzen. Yaani kwenye Liemba.

Mmeiona hiyo? Kwa hiyo kulia: mpangaji asiyefungua mlango, pazia la kijani, na vitu vyake vyote viko kwa watu. Sufuria kubwa iko kwa Mimi, ndoo kwa Warspite. Pasi ya mkaa iko kwa Liemba, kwenye boksi, na boksi lina namba. Königsberg hadai. Kuna jambo alimfanyia mgonjwa zamani, halisemi, na tangu hapo haoni kama ana haki ya kudai kitu. Halisemi! Nimeshawaambia mara ngapi?

Samahani, simu inaingia. ...Ndiyo mama, lamino ipo, nakuja baada ya nusu saa. Haya. Tuendelee, ila tusogee huku kwenye mwembe, kioo kinawaka jua mpaka sijioni.

Hapa kivulini kuna swali moja mnanitumia sana: je, kama meli mbili zimepatwa na jambo lilelile? Ndilo ninalolipenda kuliko yote, kaeni vizuri.

Warspite, ya Waingereza, ilikuwa vita vya Jutland, vita vya majini kati yao na Wajerumani, tarehe 31 Mei 1916. Usukani ukakwama, ikawa inazunguka duara mbele ya mizinga ya Wajerumani, ikala makombora ya kutosha, na ikatoka salama. Ikapigana tena vita vya pili vya dunia. Mwaka 1947 inavutwa kwenda kukatwa chuma chakavu, dhoruba ikaja, kamba ikakatika, ikapanda miamba ya Cornwall, Uingereza. Hawakuifikisha walikotaka. Wakaikatia hukohuko pwani.

Bismarck nayo usukani ulikwama. Safari yake ya kwanza ya vita, Mei 1941. Tarehe 24 iliizamisha Hood, meli iliyokuwa fahari ya Waingereza. Tarehe 26 zikaja ndege za mtindo wa zamani, mabawa ghorofa mbili, zimefunikwa kitambaa. Torpido moja ikapiga nyuma, usukani ukaganda, ikabaki inazunguka. Tarehe 27 ikazama.

Ukiandika "mkaidi" kwa wote wawili, umeshakwama na wewe. Ajali ni moja, kwa hiyo nikatazama kilichofuata. Mmoja alizunguka akatoka, akaishi miaka 31 mingine, hata kuvunjwa akagoma. Mwingine hakuimaliza wiki ya pili.

Basi Warspite akikasirika anauzunguka ua mara mbili, anapumua, anarudi kunywa chai kana kwamba hakuna kilichotokea. Watoto wanampisha njia. Mwenye nyumba ameshampa notisi mara tatu, na kila siku ya kuhama tairi la mkokoteni linapasuka palepale getini. Anashusha godoro, anarudi ndani. Bismarck ni mpangaji wa juzi. Suti ina lebo, begi halijafunguliwa, na siku ya pili tu aligombana na jirani anayeheshimiwa mtaa mzima, akamshinda kwa maneno, sasa nyumba yote inamtazama vibaya. Na kitu anachoogopa ni mbu. Mbwa haogopi. Mbu.

Kuna mtu ataandika, "Kaka, tengeneza na MV Bukoba." Hapana. Kwanza siyo manowari. Pili, tarehe 21 Mei 1996 ina wenyewe hapa Mwanza, kuna nyumba ukilitaja jina hilo wakubwa wananyamaza. Hiyo siigusi.

Majina sasa. Mimi na Toutou zilikuwa boti mbili za mbao, za mita kama 12, Waingereza walizitoa kwao mpaka Cape Town kwa meli, kisha treni, kisha zikavutwa porini Kongo kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, mpaka Ziwa Tanganyika. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka aziite Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa, akaja na Mimi na Toutou. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata Kingani ya Wajerumani, nayo ikabatizwa Fifi.

Mwingereza aliona jina zuri. Hakujua anamtesa mwandishi wa Kiswahili. "Nani kamaliza maharage?" "Mimi." "Mimi yupi?" Nilitaka kulibadilisha, nikasema hapana, nyumba nzima itaishi na shida hii. Nikaweka sheria: mpangaji mwingine yeyote haruhusiwi kutumia neno "mimi". Jaribuni, ni dawa. Liemba akawa anasema "bibi yenu". Warspite akawa anasema "mtu mzima hapa". Bismarck akaanza kujitaja kwa jina lake kamili, na hapo ndipo nilipomsikia sauti kwa mara ya kwanza. Siku tatu nilikuwa namtafuta huyo.

Mwisho, jaribio. Tukio moja, wote ndani, kila mmoja sentensi moja au kitendo kimoja. Langu ni hili: saa mbili usiku, giza, LUKU imekwisha. Ukishaandika, ziba majina kwa kipande cha manila, mpe mtu asome akuambie nani ni nani. Usizibe kwa kidole, utachungulia na kujidanganya. Nilijidanganya hivyo mwaka mzima.

Nawasomea langu:

"Mshumaa boksi namba arobaini na moja, kiberiti arobaini na mbili. Msivichanganye."

"Mtu mzima alisema tangu Jumapili kwamba itakatika!" Viatu vinasikika vinazunguka ua, mara ya kwanza, mara ya pili. Kimya. Kikombe kinagonga sahani.

"Bismarck amehamia juzi. Bismarck atachangia ya mwezi ujao. Huku kuna mbu?"

"Nani hajatoa?" "Mimi." "Muongo, nimetoa, asiyetoa ni yeye!" "Sasa nani?" "Si nimekwambia, Mimi!"

Mlango wenye pazia la kijani unafunguka upana wa mkono. Noti ya 2,000. Mlango unafungwa.

Dada yangu akawapata wote, ila pacha akawabadilisha, na pacha nimewaacha hivyohivyo. Halafu akageuza ukurasa, akakuta umeishia hapo, akaniuliza, "Sasa ile pasi Liemba atairudisha lini?"