Mti Hauna Bei: Kwa Nini Mkaa Haumalizwi na Marufuku

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Nimeombwa niongelee vyanzo vya uharibifu wa mazingira na kwa nini hauishi, sasa mi sitaenda mbali, naongelea mkaa tu, maana sidhani humu ndani kuna mtu ambaye wiki hii hajala chakula cha jiko la mkaa.

Kuna siku mbili nilikaa na kijana mchoma mkaa huko mkoa wa Morogoro. Magogo kayapanga, kayafunika majani, juu kapiga udongo, moshi unatokea kwenye vitundu vya pembeni. Usiku halali huyo. Anazunguka tanuri na koleo, maana udongo ukipasuka mahali hewa ikaingia basi moto unakula vyote, asubuhi unakuta jivu. Na hata lisipopasuka, tanuri lile la udongo kilo 1 ya mkaa inakula kuni kilo 5 mpaka 10, inategemea kuni zimekaukaje na mchomaji ana mkono gani. Nikamuuliza, hii miti umenunua kwa nani? Akanishangaa kweli. Kununua? Si ilikuwepo!

Hapo ndo penyewe ndugu zangu. Gunia likifika Manzese, kule Dar, lina hela ya mchomaji ndani yake, ya wapakiaji, ya lori, ya kwenye vizuizi, ya dalali, na ya mama anayepima kwa kopo. Hela ya mti haimo. Na kitu ambacho bei yake ni sifuri kitakatwa tu, umhubirie mtu usimhubirie.

Tunapenda kusema wanavijiji hawana elimu. Sikubali hata kidogo. Yule kijana kanionyesha mwenyewe, zamani walichoma nyuma ya nyumba, sasa hivi anaendesha baiskeli asubuhi nzima ndo akute mti wa maana. Anajua kuliko sisi. Na mama wa Manzese naye anajua gesi haina moshi, ila hela yake inaingia kwa siku, kopo la leo analimudu leo, mtungi hata ule wa kilo 6 ukiisha unataka hela ya mkupuo, ataitoa wapi jioni hiyo watoto wana njaa?

Halafu anayeumia yuko kwingine kabisa. Maji ya Dar mengi yanatoka mto Ruvu, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, huko huko Morogoro. Mwaka 2022 mto ulipungua mji ukaingia kwenye mgao, mvua ziligoma ni kweli, lakini na mlima uliovuliwa miti haushiki maji. Anayepanga ndoo Kimara hamfahamu aliyekata, na aliyekata hajawahi kuiona hiyo foleni.

Nisiwaonee wachoma mkaa. Serikali inasema tunapoteza kama hekta 469,000 za misitu kwa mwaka na sehemu kubwa inaliwa na mashamba mapya. Ila mara nyingi shamba na mkaa vinaenda pamoja, anasafisha pori, magogo anachoma, hela ya mkaa inanunua mbegu.

Sasa dawa yetu siku zote ni marufuku. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa stop nchi nzima, bei ikaruka, watu bado wanataka kula, marufuku yenyewe haikudumu ikaondolewa. Ukimfungia mchomaji na jiko la mjini bado linawaka, umehamisha kazi ya mchana kwenda usiku, basi.

Kilichonipa moyo mimi ni vijiji vya Kilosa, walianza 2012. Msitu wa kijiji wameugawa vipande vya mita 50 kwa 50, wanakata kimoja wanaruka kingine, visiki vinaachwa vichipue, kipande kinapumzika miaka 24, na kila gunia linalipa ushuru kijijini. Kuna madarasa yamejengwa kwa hela hiyo. Mti umepata bei, na mwenye nao kajulikana.

Sasa serikali ina mkakati wa kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia, na mi nautaka ufanikiwe kwa moyo wote. Ila miaka yote hiyo katikati mkaa utachomwa tu. Kwa hiyo kabla ya maswali yenu naanza na langu, wenyeviti wa vijiji mliopo hapa, gunia likitoka kwenye msitu wenu leo, kijiji kinabaki na shilingi ngapi?