Punguzo la Ndugu: Nani Analilipa?

Mhadhara kwa wanafunzi wa hoteli na wenye nyumba za kulala wageni, Mbeya

Ugonile! Na wa Iringa, kamwene. Naona wenzetu wa Njombe na Tunduma nao wamefika, karibuni, sogeeni huku mbele, baridi ya mlangoni mnaijua.

Nimeombwa nizungumzie bei za punguzo wanazopewa wafanyakazi wa hoteli na ndugu zao. Wengi mnadhani ni jambo la hoteli kubwa za Dar na Dubai. Mimi nasema liko hapa hapa, kwenye kaunta zenu, ila halijaandikwa popote.

Chukueni kijana wa mapokezi, zamu ya usiku. Basi la Dar limechelewa, simu inaita: "Mwanangu, mimi baba yako mdogo wa Tukuyu. Nipo stendi, nifanyie mpango wa chumba." Afanye nini? Akikataa, kabla hakujakucha ukoo mzima umeshapata habari kwamba mtoto wa fulani ana maringo. Akimlipia, mshahara ndio huo mnaoujua. Njia ya tatu ni kumpa ufunguo kimya kimya, alfajiri baba mdogo aondoke. Saa tatu asubuhi mhudumu wa vyumba anapita na daftari lake: kitabu cha kaunta kinasema namba saba ni tupu, lakini taulo limelowa, sabuni imefunguliwa, na shuka imelaliwa. Kijana anakatwa shoti, yaani bei ya chumba inatoka kwenye mshahara wake. Siku nyingine anapoteza kazi. Na usiku ule kama moto ungewaka, hakuna ambaye angejua kwamba namba saba kuna mtu.

Kwa hiyo bosi anayesema "hapa kwangu hakuna punguzo la ndugu" anajidanganya. Lipo. Tofauti ni kwamba linatoka mfukoni mwa aliye dhaifu kuliko wote pale ndani.

Wenzetu wa hoteli kubwa wamelitatua kwa karatasi. Marriott wana mpango wao wanauita Explore, Hilton wana Go Hilton. Ukiondoa mbwembwe za majina, wanafanana. Kuna bei ya mfanyakazi mwenyewe na watu wa nyumbani kwake, ambayo ndiyo ya chini kabisa. Kuna nyingine ya ndugu na marafiki, ambayo punguzo lake ni dogo kidogo. Zote zinategemea nafasi: hoteli ikitarajia kujaa, bei hizo zinafungwa. Na mgeni haji mikono mitupu akasema "mimi ni shemeji yake fulani". Anatakiwa aweze kuonyesha kwamba bei ile ni haki yake, kwa fomu au uthibitisho uliotoka kwa mfanyakazi pamoja na kitambulisho. Akishindwa, anaweza kudaiwa bei kamili.

Hapo nataka niwaonye wenye watoto wanaofanya kazi za hoteli Doha na Dubai, maana najua mpo. Fomu ile ina jina la mwanao. Ukienda ukalewa, ukafoka kaunta, ukaondoka na joho la kuogea, atakayeitwa ofisini ni yeye. Kuiuza fomu ni kosa la kumfukuzisha kazi, hata kama uliyemuuzia ni jirani mwema. Halafu msidhani nusu bei ni bei ndogo. Nusu ya hoteli ya nyota tano Masaki bado inakulipia gesti ya Kariakoo siku kadhaa na nauli ya kurudi Mbeya juu yake.

Sasa turudi kwetu, kwenye hesabu. Chumba ambacho hakikulaliwa leo huwezi kukiuza kesho; usiku wa leo umekwenda. Ndiyo maana punguzo linawezekana. Lakini chumba kilicholaliwa kina gharama, na nyanda za juu gharama hiyo ina mambo yake, kwa sababu mgeni wa Juni hapa anaoga maji ya moto na anataka blanketi la pili. Luku inakimbia.

Tuseme chumba chako cha selfu unakiuza shilingi 60,000, chai ya asubuhi ndani yake, VAT ndani yake. Tuseme umekaa ukapiga hesabu ya dobi, sabuni, umeme wa hita na ile chai, ukapata 17,000. Umempa mfanyakazi nusu bei, 30,000. Serikali inachukua VAT yake ya asilimia 18, yaani kama 4,576. Unabaki na 25,424. Toa gharama, mkononi una 8,424 ambazo zisingekuwepo. Si hasara hiyo. Lakini ukijifanya mkarimu ukampa kwa 18,000, VAT inaondoka na 2,746, unabaki na 15,254, na chumba kimekugharimu 17,000. Umemlipa mgeni alale kwako. Mwenye gesti ambaye hajui gharama ya chumba chake kimoja kwa usiku mmoja asitoe punguzo kwa mtu yeyote, hata mama yake mzazi. Amkaribishe nyumbani.

(Kicheko. Mzee mmoja akauliza kama na chai aiondoe.) Ndiyo mzee, unaweza. Chumba bila chai, mgeni akitaka chai ainunue. Hiyo ni njia ya heshima ya kushusha bei bila kujiumiza.

Sasa ugumu wenyewe. Ndugu ni nani? Makampuni ya nje yana orodha: mume au mke, watoto, wazazi, pengine na kaka na dada. Ileteni orodha hiyo Rungwe muone. Mtoto wa mama mkubwa ni dada yangu, sina neno jingine la kumwita. Baba mdogo ni baba. Mjomba ana haki zake, shangazi naye ana za kwake, na mtani akifika msibani hata ruhusa haombi. Nimeona meneja mmoja akiandika sera ya kurasa tatu kufafanua undugu, na wafanyakazi wake wakapata ndugu wapya kila mwezi.

Msihesabu damu. Hesabuni usiku. Mpe kila mfanyakazi idadi ya usiku kwa mwaka, tuseme kumi, umwambie: hizi ni zako, mpe umtakaye. Akimpa baba mdogo, zinapungua. Akimpa rafiki wa rafiki, zinapungua. Utashangaa jinsi anavyoanza kuchagua mwenyewe nani ni ndugu kweli, na wewe umeondoka kwenye ugomvi wa ukoo wa watu. Na yule kijana wa kaunta anapata jibu ambalo halimvunjii heshima: "Baba, zangu za mwaka huu zimekwisha." Kila mtu mzima anaelewa kitu kilichokwisha.

Kuna siku za kufunga kabisa. Wiki ya Nane Nane hapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale vikiwa vimejaa, kumpa ndugu chumba kwa nusu bei ni kumfukuza mgeni wa bei kamili. Vivyo hivyo mahafali ya vyuo, hapa na Iringa. Ziandikeni tarehe mapema, zibandikwe nyuma ya kaunta.

Na punguzo lipite kwenye EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Risiti ya EFD iandike kile kilicholipwa, basi. Nalisema hili kwa sababu kuna mgeni wa safari za kikazi atakayekuja kwa bei ya ndugu, kisha akaomba risiti ya bei kamili apeleke ofisini kwake. Huo si undugu. Ni kughushi, na jina lililo kwenye risiti ni lako.

Kuhusu kadi za wageni wa mara kwa mara sitakaa sana. Mambo haya yalianzia kwenye ndege: American Airlines walianza mwaka 1981, na Holiday Inn na Marriott wakafuata mwaka 1983. Mgeni analala, anapata pointi, pointi zinageuka usiku wa bure. Ujanja wake ni kwamba kwa kawaida pointi zinakwenda kwa aliyelala, hata kama aliyelipa ni mwajiri wake. Kama unalala kwa bei ya ndugu, usidhani pointi zinakuja zenyewe. Bei hizo zina masharti yake, uliza kabla ya kulipa.

Lakini pointi zina maana kwa mwenye hoteli nyingi. Mtu anazikusanya Dar akihangaika na kazi, anazitumia Zanzibar na familia. Wewe wa Mwanjelwa mwenye vyumba kumi na viwili, mgeni azikusanye Mwanjelwa akazitumie Mwanjelwa? Na wewe wa Tunduma, dereva wa lori anayelala kwako kila akisubiri kuvuka mpaka hataki kadi. Anataka lori lilindwe, maji ya moto yawepo saa kumi alfajiri, na chai isiwe ya jana.

Kama mnataka kitu kinachofanana na hayo makampuni, shirikianeni barabarani. Mwenye hoteli Iringa, mwenye hoteli Makambako, mwenye hoteli Mbeya, kubalianeni bei moja ya wenzenu wa kazi. Mpishi wa Mbeya akienda na familia Ruaha alale Iringa kwa bei ya mfanyakazi; wa Iringa akija kuona maua ya Kitulo alale hapa. Barua moja yenye mhuri na kitambulisho vinatosha.

Dada wa Tunduma ameuliza swali zuri: ndugu wa bosi je, wale wanaokuja wanne na hawalipi? Nao waandikwe, dada. Safu yao kwenye kitabu iwe peke yake, jina, chumba, tarehe ya kuingia na kutoka, na bosi mwenyewe aweke sahihi kila mwisho wa mwezi. Usimwambie ni nyingi. Mwache ajumlishe mwenyewe, halafu umwekee pembeni na daftari la zile kumi za wafanyakazi.