Mama wa Bukavu na mawazo yangu

Shikamooni wakubwa, na nyie wengine, mambo? Hapa Columbus, Marekani, ni saa nne usiku, theluji imefunika kioo chote cha gari. Huko najua ndiyo mnaamka. Nina dakika kumi kabla ya kuingia shifti.

Mmeniandikia: "Eti unaenda kwa mshauri nasaha, umechanganyikiwa?" Sijachanganyikiwa jamani. Nilikuwa silali.

Wa kwanza niliyepelekwa alinipa fomu ya maswali tisa, unajipa alama sifuri mpaka tatu. Unakosa raha? Sifuri. Unajiona umefeli? Sifuri. Mwanaume wa Singida ungejaza nini? Nilipomgusia hela za nyumbani akasema acha kutuma. Sikurudi.

Huyu wa sasa ni mama wa Bukavu, Kongo, amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, pale Kasulu. Shahada ya uzamili kaisomea hukuhuku Marekani, halafu akafanya kazi saa nyingi mno chini ya msimamizi ndipo akapewa leseni. Siku ya kwanza akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Ile kitu, kwenu banaitaka namna gani?"

Mimi nikasikia "wanaitaka". Mama, nani anaitaka hii? Tulicheka mpaka machozi! Kumbe anauliza kwetu inaitwaje. Nikamwambia: mawazo. Nina mawazo.

Akaweka kalamu chini. Akasema Washona wa Zimbabwe wanaita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na neno hilo limo kwenye kitabu cha magonjwa ya akili cha madaktari wa Marekani, toleo la 2013. Nikajiona mgonjwa mwenye heshima zake.

Kuacha kutuma hakunitajia. Alinipa karatasi niandike nani ananipigia, saa ngapi, anataka nini. Majina kumi na moja. Halafu: "Nani alisema wewe ndiye utatumaka?" Nikakaa kimya pale, nadhani dakika nzima. Alikuwa marehemu baba, usiku wa kuniaga, mbele ya ukoo wote, na mimi nikaitikia "ndiyo baba" huku nimeshika begi. Nililia, nisiwadanganye.

Sasa simu za usiku nazizima, natuma tarehe moja tu kwa mwezi. Wawili wamenuna.

Mama yangu nilimwambia Jumapili. Swali lake la kwanza: "Anakutoza shilingi ngapi kukaa na kuongea?" Nikamwambia bima inalipa.

"Basi nenda mara mbili."