Chechnya: Nani Alifungua Mlango?

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika.

Tarehe 1 Aprili 2017, gazeti la Novaya Gazeta la Moscow lilichapisha habari ya mwandishi wake, Elena Milashina, kwamba katika jamhuri ya Chechnya, kusini mwa Urusi, wanaume zaidi ya 100 walikuwa wamekamatwa kwa kudhaniwa kuwa wapenzi wa jinsia moja, na kwamba watu wasiopungua watatu walikuwa wameuawa. Walionusurika walisimulia jinsi walivyofungiwa katika mji wa Argun na kwingineko, wakapigwa na kuteswa kwa umeme, huku simu zao zikipekuliwa ili jina moja lizae jingine. Baadhi yao walikabidhiwa kwa jamaa zao, na jamaa wakahimizwa kuwaua ili kuisafisha heshima ya ukoo. Msemaji wa Ramzan Kadyrov, mtawala wa Chechnya, alijibu kwamba haiwezekani kumkamata mtu asiyekuwapo, akimaanisha kwamba Chechnya haina watu wa namna hiyo. Naomba tulishike jibu hilo, kwani sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa nje ya Urusi tangu siku hiyo imekuwa kuthibitisha kwamba watu hao wapo.

Matamko yalikuja upesi. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walitoa lao tarehe 13 Aprili. Angela Merkel alilitaja suala hilo mbele ya Vladimir Putin mjini Sochi tarehe 2 Mei, na Emmanuel Macron akalitaja Versailles mwishoni mwa mwezi huohuo. Siyadharau maneno hayo, kwa sababu mtesaji hupenda giza, na kiongozi anayelitaja jambo hadharani humnyima giza hilo. Lakini kijana aliyejificha katika nyumba ya kupanga mjini Moscow hakuwa na haja ya tamko. Alihitaji viza.

Na hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 humlinda mtu ambaye amekwisha kuvuka mpaka wa nchi yake. Aliyetoroka Grozny, mji mkuu wa Chechnya, akafika Moscow au St. Petersburg bado yumo ndani ya Urusi, hivyo kwa mkataba huo hajawa mkimbizi, ingawa polisi wa Chechnya na ndugu zake wanaweza kumfuata bila kuulizwa pasipoti. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni: mwaka 2021 vijana wawili waliokuwa wamekimbilia Nizhny Novgorod, mji mwingine wa Urusi, walikamatwa na kurudishwa Chechnya, na mwaka uliofuata mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 8, mwingine miaka 6. Wanaharakati wa Kirusi waliokuwa wakiwatoa watu Chechnya na kuwaficha waliweza kumsogeza mtu hadi hapo tu. Kumvusha mpaka kulitegemea hiari ya serikali moja moja.

Lithuania, nchi ndogo inayopakana na Urusi, ilitangaza mwezi Mei 2017 kwamba imewapa viza watu wawili waliotoroka Chechnya. Ufaransa ilimpokea wa kwanza mwishoni mwa mwezi huo. Kanada, ikishirikiana na Rainbow Railroad, shirika linalowasaidia watu wa namna hiyo kukimbia mateso, ilikuwa imewapokea zaidi ya 20 kufikia mwanzo wa Septemba, tena kwa miezi kadhaa ilifanya hivyo kwa siri. Umbali wa Kanada nao ulikuwa kinga. Ulaya ina jamii kubwa za watu waliokimbia vita vya Chechnya, kwa hiyo aliyepelekwa Ujerumani au Austria angeweza kukutana dukani na mtu anayemjua mjomba wake, na habari zikafika nyumbani kabla ya jioni. Nasema bila kusita kwamba serikali zilizolaani zilikuwa nyingi kuliko zilizofungua mlango, na kwamba hilo linapaswa kutuuma.

Vikwazo navyo vilifuata: Marekani ilimwekea Kadyrov mwenyewe mwezi Desemba 2017, Uingereza ikawawekea maofisa wa Chechnya mwaka 2020, na Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo mwaka 2021. Havikuzuia wimbi jipya la ukamataji, ambalo habari zake zilitoka Januari 2019: watu wapatao 40 walishikwa, na wawili walisemekana kufa kwa mateso.

Kilichonigusa zaidi ni kazi ya polepole ya kuweka kumbukumbu. Mwezi Novemba 2018 nchi 16 za Shirika la Usalama na Ushirikiano wa Ulaya zilimteua mchunguzi, Wolfgang Benedek. Urusi ilikataa kushirikiana naye, na bado mwezi uliofuata alitoa ripoti iliyothibitisha mateso hayo. Kabla yake, mwezi Oktoba 2017, Maxim Lapunov alikuwa amejitokeza kwa jina na sura yake kusema kwamba alishikiliwa na kupigwa Grozny kwa siku 12. Yeye ni Mrusi, si mwenyeji wa Chechnya, hivyo hakuwa na ukoo huko wa kulipizwa kisasi kwa ajili yake. Ndiyo maana aliweza kusema ambacho wenzake hawakuthubutu. Hata hivyo alitishwa, akalazimika kuihama nchi yake, na wapelelezi wa Urusi walikataa kufungua kesi.

Alikwenda Strasbourg. Tarehe 12 Septemba 2023, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi na fidia ya euro 52,000. Wakati huo Urusi ilikuwa imekwisha kuacha kuwa mwanachama wa mkataba unaoiunda mahakama hiyo, na sheria yake ya mwaka 2022 ilikwisha kuagiza kwamba hukumu za namna hiyo zisitekelezwe. Lakini hukumu imeandikwa. Inasema kwamba mtu huyu alikuwapo Grozny, kwamba maofisa wa dola walimkamata na kumtesa, na kwamba walimfanyia hivyo kwa sababu anawapenda wanaume.