Nani Ameshika Koki?

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu mliofika. Mada niliyopewa inasema: "Shinikizo la kimataifa au mazungumzo: kipi kinamng'oa dikteta?" Nimeizungumza mara nyingi mno. Kuna watu nawaona pale nyuma wanaoweza kunimalizia sentensi. Wanivumilie, kwa sababu swali hili linarudi kila mwaka na kila mwaka linarudi limekosewa vilevile.

Wako wanaonijibu haraka kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo tutumie vyote viwili, tumekwisha. Sawa. Lakini hivyo vidole ni vya nani? Hapo ndipo ninapowagombeza watu.

Twendeni Gambia. Najua, Gambia tena. Yahya Jammeh aliichukua nchi kwa mapinduzi mwaka 1994, akiwa na miaka 29. Mwaka 2011 aliiambia BBC kwamba Mungu akipenda atatawala miaka bilioni moja. Bilioni! Tarehe 1 Desemba 2016 watu wakaenda kupiga kura, na kule kura ni gololi: unadumbukiza gololi yako kwenye pipa la mgombea wako, kengele inalia, unaondoka. Gololi zikahesabiwa, Jammeh kashindwa na Adama Barrow, mgombea wa muungano wa upinzani. Kesho yake akampigia Barrow simu mbele ya kamera, anacheka, anampongeza. Nusura hadithi iishie hapo, nami leo ningekuwa nimekaa kwangu.

Haikuisha wiki, mmoja wa viongozi wa muungano ulioshinda akaliambia gazeti la Uingereza kwamba Jammeh atafikishwa mahakamani. Tarehe 9 Desemba Jammeh akatokea kwenye televisheni: matokeo siyatambui, uchaguzi urudiwe. Sidai kauli ile peke yake ndiyo iliyomgeuza. Nadai tu kwamba mtu aliyekwisha shika kitasa cha mlango alisikia komeo likigongwa kwa nje.

Basi yakaanza mazungumzo. Tarehe 13 Desemba wakashuka Banjul marais wanne wa jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS: Ellen Johnson Sirleaf, Muhammadu Buhari, Ernest Bai Koroma na John Mahama. Huyu Mahama naye alikuwa ametoka kushindwa uchaguzi kwao Ghana, na siku ileile ya tarehe 9, Jammeh anapokula maneno yake, yeye alikuwa anampigia mshindani wake simu ya kukubali. Mjumbe bora kuliko huyo mtampata wapi? Wakaketi, wakazungumza, wakarudi mikono mitupu.

Wapenda mazungumzo, hapo mnanyamaza kidogo.

Sasa tazameni ramani. Gambia imo tumboni mwa Senegal, pande zote isipokuwa baharini. Na kipindi cha Jammeh kilikuwa na tarehe ya kwisha, 19 Januari 2017. ECOWAS ikasema ikifika siku hiyo hajatoka, majeshi yataingia, Senegal mbele. Hapo ndipo ikulu ilipoanza kuvuja. Mawaziri wakajiuzulu mmoja baada ya mwingine. Tarehe 18 makamu wake, mama aliyekuwa naye karibu miaka ishirini, akaondoka. Mkuu wa majeshi, ambaye wiki chache nyuma alikuwa akiapa utii, akawaambia waandishi kwamba hataingiza askari wake katika vita vya kijinga. Vita vya kijinga! Mimi nikisoma maneno yale nasema mambo yaliishia pale, yaliyofuata ni taratibu za mazishi.

Barrow akaapishwa tarehe 19 katika ubalozi wa Gambia mjini Dakar, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likamuunga mkono siku hiyohiyo, jioni askari wakavuka mpaka. Halafu wakasimama. Hili la kusimama watu wengi hulisahau. Walisimama ili Alpha Condé wa Guinea na Mohamed Ould Abdel Aziz wa Mauritania waingie kuzungumza na mtu yuleyule, jambo lilelile. Desemba alikuwa kiziwi. Januari akasikia. Usiku wa kuamkia tarehe 21 akatangaza kuachia ngazi, na jioni yake akapanda ndege.

Sasa niambieni yale yalikuwa mazungumzo au shinikizo?

Nasikia mtu anaguna: "Gambia ni kijinchi." Ndiyo, na kwa kijinchi kile koki, yaani kile ambacho mtawala hawezi kuishi bila yake, ilikuwa mikononi mwa jirani. Ukitaka nchi yenye misuli, chukua Rhodesia, Zimbabwe ya leo, chini ya Ian Smith na utawala wake wa wazungu wachache. Umoja wa Mataifa uliiwekea vikwazo vya lazima mwaka 1966, ukavikaza vikawa vya kila kitu mwaka 1968. Likawa agizo kwa dunia nzima. Smith akaendelea kula na kunywa, kwa sababu mafuta na bidhaa zilimfikia kupitia Afrika Kusini na Msumbiji ya Wareno. Mwaka 1975 Msumbiji ikapata uhuru, na Machi 1976 Samora Machel akafunga mpaka. Smith akabaki na jirani mmoja wa kumtegemea, Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini. Sasa Vorster si mtu wa kuhubiri demokrasia, hilo hatubishani. Lakini alikuwa na hesabu zake, na Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikuwa na zake, na mizigo ya Smith ikaanza kukwama kwenye reli za kusini. Tarehe 24 Septemba 1976 Smith akajikongoja mbele ya wananchi wake kusema anakubali utawala wa walio wengi ndani ya miaka miwili. Miaka kumi ya maazimio haikumtoa neno hilo; lilimtoka pale jirani aliyeshika koki alipoizungusha kidogo. Na mwishoni kabisa, 1979, kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, Machel huyohuyo akambana Mugabe, kiongozi wa wapiganaji wa upande wa pili: saini, maana kambi zako ziko kwangu.

Mugabe, alipokuja kuitawala nchi hiyohiyo, alilikumbuka somo lile. Ulaya na Marekani zilipomwekea vikwazo miaka ya 2000, yeye aliangalia majirani tu. Majirani wakachagua kunong'ona. Mwaka 2008 uchaguzi ukafanyika Machi 29, matokeo ya urais yakatoka Mei 2. Wiki tano kuhesabu kura! Marufuku ya kusafiri ilikuwepo, na Juni mwaka huohuo alikuwa Roma kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa chakula. (Kicheko.) Mnacheka, lakini ndivyo vikwazo visivyo na jirani vinavyokuwa. Alikuja kutolewa Novemba 2017, na jeshi lake mwenyewe.

Wengine wananiambia: "Mzee, wewe unamfungulia mlango mwizi." Jammeh aliondoka na magari ya kifahari yakimfuata kwa ndege ya mizigo. Inaniuma kama inavyowauma. Ila mlango wa kutokea na msamaha ni vitu viwili. Waziri wake wa mambo ya ndani, Ousman Sonko, alihukumiwa miaka 20 na mahakama ya Uswisi mwaka 2024. Kwa upande mwingine, Charles Taylor, aliyekuwa rais wa Liberia, alihakikishiwa makazi Nigeria 2003, akakamatwa 2006, akapata miaka 50. Haki ilitendeka, nafurahi. Lakini madikteta nao husoma magazeti, na kila mmoja aliyeisoma habari ile alikaza mkono kwenye kiti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya Iraq, jinsi vikwazo vya 1990 vilivyomfanya Saddam kuwa mwenye kadi ya mgao, ukitaka unga unapita kwake. Vikwazo vya jumla vinamkabidhi dikteta koki ya tumbo la raia. Na Burundi, ambako majirani walifunga mipaka 1996 na Mwalimu Nyerere huku anasuluhisha: hiyo ni mada ya siku nzima, naiacha. Chile pia naiacha.

Moja tu. Mtauliza Jammeh alikwenda wapi. Alikwenda Guinea ya Ikweta, kwa Teodoro Obiang, aliye madarakani tangu Agosti 1979. Mahakama ya Ufaransa ilimtia hatiani mwanawe mwaka 2017 na kutaifisha jumba lake la Paris. Kijana akabaki makamu wa rais. Mafuta wanayo wenyewe, yanatoka baharini, na wanunuzi wamepanga foleni. Kwa hiyo kabla hamjaniuliza kama Obiang aongeleshwe au abanwe, nitajieni koki yake iko wapi na nani ameishika. Anayejua anyooshe mkono, nina dakika tano za maswali.